Fundi wa Songo na Mashine ya Mbio

Siku Eliane alipompelekea kwa mara ya kwanza kompyuta yake ya kutengenezea filamu za harusi, fundi wa Songo aliigusa ubavuni kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto, kisha akaiongezea mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. Ilikimbia mwaka mzima. Juzi fundi akasasisha programu ya ubao mama, bamba kuu la ndani, akairudishia namba zake za zamani za mbio kutoka kichwani, na sasa inazimika kila filamu ikifika nusu. Maharusi wanaingojea filamu yao leo saa kumi.

“Fundi, minye sitaki mbio. Nataka ifike.”

“Mama, utanipatisha haya.”

“Haya ni yako, harusi ni yangu. Shusha!”

Akashusha namba moja moja, hadi mbio za kiwandani. Eliane alipata filamu saa tisa na nusu; fundi akabaki na haya ya mashine inayotembea kama za mafundi wengine.