Kamera ya Ismaël Ziwani Kivu

Ismaël wa hapa Kimisagara hupiga video za harusi, na mimi jirani yake nasema bila kumpendelea: kwa betri ana mkono wa birika. Wasemaji wakianza kurefusha maneno, kidole gumba kinabonyeza, kamera inazimika. Keki ikiletwa, kinabonyeza tena. Hata haangalii. Mlio mdogo ndio unaomwambia kama inarekodi.

Mwaka jana boti ya mizigo ilizama Ziwa Kivu, na mdogo wake Nasiri alikuwa ndani. Hakupatikana. Shehe alikuwa tayari kuongoza swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti asiyekuwepo, lakini mama yao, fundi cherehani mwenye kichwa kigumu, alikataa katakata. Hawezi kumswalia mtoto ambaye hajamwona amekufa. Hata pole hakutaka. Mimi mwenyewe nilirudishwa mlangoni na sufuria yangu ya wali, na niliudhika, sifichi.

Ismaël alikuwa amejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa ili awapige video watalii. Basi akaifunga kifuani kamera yake ndogo isiyoingia maji, kwa kamba mbili isije ikamponyoka, akaiwasha kabisa kabla ya kuruka. Alizama na mwalimu wake Bertrand, lakini masikio yalimuuma Bertrand akaishia njiani. Ismaël akaifikia boti peke yake, akabonyeza kamera ili mama aone. Chini ya ubavu wa boti alimwona Nasiri, miguu imebanwa. Alivuta, akavuta, hewa ikaanza kumwishia. Akakaa pale kidogo mbele ya ndugu yake, kisha akapanda.

Waliporudi kesho yake, boti ilikuwa imeporomoka kwenye mteremko hadi kina ambacho mzamiaji hafiki.

Video tuliitazama sebuleni kwao. Maji, mapovu, ubavu wa boti unakaribia, kisha basi. Kidole kilifanya kama harusini: kilipofika penye jambo kilibonyeza, na kamera ilikuwa inarekodi tangu juu. Kofia ya mpira ilikuwa imemziba masikio, mlio hakuusikia.

Mama alishusha pumzi, akacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Unaona? Mu boti haiko mtu," alisema. "Nasiri iko Goma."

Ismaël alimwambia amemwona kwa macho yake. Akamtajia shati, akamweleza miguu ilivyobanwa. Mama alikuwa tayari anatafuta viatu aende kumwambia shehe habari ya swala iishe kabisa. Mlangoni akageuka.

"Na wewe, acha kuzika ndugu yako na mdomo."

Tangu siku hiyo Ismaël hajamtaja Nasiri mbele ya mtu yeyote. Na Nasiri mpaka leo hajaswaliwa.