Nyasi za Mteremkoni

Dada yangu ni mfuga nyuki, na nyumba yake iko chini ya mteremko wa vichaka. Moto ulipoukumba, mteremko ulibaki mweusi kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Nyumba ilinusurika, mizinga iliteketea, isipokuwa miwili ya nyuma ya jiko.

Vichaka vile vina tabia yake. Mbegu hungoja ardhini mpaka joto la moto lizipasue, kisha mvua huziotesha. Lakini kichaka kichanga huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa mbegu. Moto wa pili ukiwahi, ardhini hakuna tena kinachongoja. Na pasipo maua, hapana nyuki.

Dada hakustahimili kuutazama weusi ule. Akihofia mvua isije ikauteremsha udongo mpaka sebuleni, alimwaga mbegu za nyasi. Nyasi zikaota upesi, majirani wakamsifu. Sasa zimekauka, zimefika kiunoni katikati ya vichaka ambavyo havijatoa hata ua moja.

Nilipowatembelea kiangazi hiki, nilimkuta dada akinoa mundu wa kuzifyeka kabla hazijashika moto, na shemeji, mumewe, akimtania.

“Mke wangu, mpaka uumalize mlima kwa mundu, mimi nitakuwa nimeshazikwa.”

“Zikwa salama, mradi mashine yako ya kufyekea isipande kule. Mawe matupu! Kisu kikigonga jiwe, cheche hiyo.”

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.”

“Na asiyeumwa huukanyaga mkia. Shemeji yako umemsikia?”

Nilicheka tu. Kati ya mume na mke, sijawahi kujua mgeni asimame wapi.

Mchana nilimsindikiza dada kwa seremala kuchukua mizinga mipya. Tuliporudi, tulisikia mashine ikinguruma juu mteremkoni. Shemeji alikusudia kuupumzisha mgongo wa mkewe. Hata sasa nashindwa kuilaumu huruma ile.

Dada aliutua mzinga chini. “Baba watoto, zima! Zima, nakuambia!”

Mngurumo ukakatika. Dada alishusha pumzi, akanitazama, karibu atabasamu. “Ana masikio, kumbe.”

Ndipo nyuki wakaanza kurejea. Walishuka kutoka pande zote, wakasukumana kwenye milango ya mizinga miwili ya nyuma ya jiko, kama wafanyavyo mvua inapokaribia, au wanaponusa moshi. Nilitazama juu. Hapakuwa na wingu.

Dada hakutazama juu. Aliuokota mundu, akaanza kukimbia kupanda mlima, akimwita mumewe.