Mchele wa Dua ya Rubani

Mdogo wangu alikuwa rubani wa ndege za kivita, na mtaa wetu wote pale Kariakoo ulilijua hilo kwa sababu mimi nilihakikisha wanalijua. Nilikuwa nashona nguo barazani, na kila mteja aliyekaa kusubiri pindo la gauni alihadithiwa habari zake. Baba yetu alikuja mjini kutoka Lindi, akabeba magunia sokoni mpaka mgongo ukamshinda. Sasa mwanawe anapaa. Niacheni niringe kidogo, nilikuwa nawaambia.

Jumamosi moja mchana alikuja kwa ruhusa ya siku mbili, akanikuta peke yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Chai hakuigusa. Akaniambia kwamba wiki ile, jua likiwa utosini, yeye na mwenzake walikuwa juu ya bahari upande wa kusini, kila mmoja na ndege yake, kitu kikaja kikakaa ubavuni mwao. Cheupe, cha duara, kama sinia lililofunikwa kwa sinia. Hakina mabawa, hakitoi moshi. Kiliwafuata kwa muda, halafu kikapanda juu kwa kasi ambayo hakuna ndege inayoiweza, kikapotea.

"Mmewaambia wakubwa?"

"Dada, rubani anayeona vitu anaambiwa macho yake mabovu, au kichwa. Hapewi ndege tena. Tumekubaliana na mwenzangu hatukuona kitu. Nimekuambia wewe tu."

Mimi tu. Alipoondoka nikamwambia mama, hata jua halijatua. Huwa najitetea kwamba niliogopa, na kweli niliogopa.

Mama hakuwa na shaka hata chembe. Kitu kisicho na mabawa kikimfuata mtu angani, basi kimetumwa, au ni jini wa baharini aliyempenda. Lazima isomwe dua, watu wale washibe, waitikie amina. Lakini siku zile mchele na sukari vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Ukiwa na shughuli unamwandikia balozi wa nyumba kumi, akiridhika anakupa kibali, ndipo unakwenda duka la ushirika. Balozi wetu alikuwa mzee wa nguo zilizopigwa pasi na moyo uliokunjamana. Mama alipomwendea akamrudisha.

"Dua ya nini, ndugu? Kila mtu ana dua. Nendeni mkaandike sababu inayoeleweka."

Mama hakujua kuandika, nikaandika mimi kwa jina lake. Ningeweza kusema ni ya kumrehemu baba. Ningeweza kusema lolote. Niliandika hivi, kwa ule mwandiko wangu wa kulalia kushoto niliosifiwa shuleni: naomba mchele na sukari kwa dua ya mwanangu, rubani wa jeshi, aliyefuatwa na kitu kisichojulikana angani. Hayo maneno, rubani wa jeshi, niliyaweka makusudi. Nilitaka balozi ashtuke, ajue anazungumza na watu gani.

Alishtuka. Kibali tulikipata siku ileile. Dua ikasomwa mdogo wangu akiwa kambini, hana habari, na balozi akala mpaka akalegeza mkanda.

Barua yenyewe alibaki nayo. Baadaye alituambia bila haya kwamba ametimiza wajibu, kwamba mwananchi mwema hawezi kupata habari kama ile akaikalia. Akaipeleka juu, huko nako wakaisukuma juu zaidi, mpaka ikatua mezani kwa mkubwa wa mdogo wangu. Mwenzake akaitwa, akaapa hakuona kitu, kama walivyokubaliana. Akabaki mmoja, mwenye dada anayejua kuandika. Wakampima macho, wakampima kichwa, wakamweka bohari akawa anagawa mablanketi na buti. Ndege hakuishika tena.

Watu husema mdomo huponza kichwa. Kwetu ulikuwa mkono, na kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Nilimchukia balozi miaka mingi. Nikamchukia na yule mwenzake pia, kwa sababu kuwachukia wao kulinipunguzia kazi ya kujichukia mwenyewe.

Mdogo wangu hakuwahi kuniuliza neno. Alikuja, akaniamkia, akanywa chai, akarudi bohari. Nikajipa moyo kwamba hajui habari zilitokea wapi.

Siku moja ya sikukuu ya taifa ndege za jeshi zilipita chini kabisa juu ya Kariakoo. Wachukuzi wakatua mizigo, wauza vitambaa wa Kihindi wakatoka dukani na futi zao shingoni, watu wote nyuso juu, wanashangilia. Ya mbele alikuwa anairusha yule mwenzake. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando ya cherehani yangu, ananishikia kitambaa. Hakuinua kichwa.

Mlio ulipopungua akasema, "Ile barua walinionyesha, dada. Mwandiko niliujua kabla sijaisoma."

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali.

"Mchele wenyewe mlipewa?"

"Tulipewa."

"Ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa na chuya," nikamjibu. "Tulishinda tukichambua."