Breka Kubwa Kumkwepa Baba Mkwe

Nichekeni tu, nimezoea. Sisi Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Sasa mzee anakuja kututembelea hapa Kyela, na breka ya umeme wa jikoni kwangu, ya ampea kumi, hujizima kila nikiwasha jiko na birika pamoja. Nayo iko sebuleni, atakapokaa yeye! Nitaingiaje kuiwasha?

Nikanunua ya ampea thelathini na mbili.

“Waya wa jikoni ni mwembamba,” mume wangu akanionya. “Tumwite fundi.”

“Haizimi tena, nimeshasema!” Nikaifunga mwenyewe.

Siku ya mgeni haikuzima kweli. Wali ukaiva, nikajisifu. Mume wangu akamsimulia baba yake habari ya breka, na alipotoka tu kufuata samaki, waya ukutani ukaanza kuyeyuka, moshi ukajaa, na breka yangu imetulia tuli. Nikakimbilia sebuleni, nikapanda meza, nikazima swichi kuu.

Chini yangu, baba mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

“Wewe ukuta,” akasema, “mwambie mke wa mwanangu ashuke mezani. Na mwambie ile breka ndogo ilikuwa inalinda waya, haikuwa inamkomoa.”