Mtunzi wa Wimbo wa Theluji

Nianze kwa kusema wazi: sikumpenda yule mzee, na kufa kwake hakukunibadilisha mawazo. Watu wa kwetu, mtu akishakufa humgeuza malaika. Mlevi anakuwa mcheshi, mchoyo anakuwa mwangalifu. Mimi hilo limenishinda. Nilimwogesha miezi kumi na minne, nikamkata kucha, nikamlisha uji kwa kijiko, na ninachoweza kusema kwa dhamiri safi ni kwamba kucha zake zilikuwa ngumu na roho yake ngumu zaidi.

Alikuwa Mwingereza, mtunzi wa muziki ule wa okestra, na kiongozi wa okestra pia, yule anayesimama mbele na kijiti akiwapungia wenzake wanaofanya kazi. Hayo niliyajua kabla hajanieleza, maana kuta za sebule yake zilijaa picha zake mwenyewe. Picha ya mke? Hakuna, na alikuwa ameoa mara tatu. Picha ya mtoto? Wapi! Yeye na kijiti, yeye na nishani ya Malkia, yeye na kijiti tena, nywele zimesimama kama za mtu aliyepigwa shoti ya umeme.

Ejensi ya kutunza wazee majumbani ilinipangia kwake Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi. Mimi nakaa Minto, pembezoni kabisa mwa Sydney, yeye alikaa kaskazini mwa bandari, kule nyumba zina ngazi nyingi na majirani hawajuani. Treni mbili na basi. Nikifika, nabonyeza simu kuonyesha nimeingia kazini, kisha namkuta kitandani na kinyongo chake tayari. "Umechelewa," aliniambia kila siku, hata siku niliyofika dakika ishirini mapema. Na aliniita kwa jina la Mfilipino aliyenitangulia. Nilimsahihisha wiki mbili, kisha nikamwacha. Jina langu amenipa nyanya yangu, si la kubembelezea watu.

Maisha yake aliyasimulia bafuni, kila siku kwa mpangilio ule ule. Alizaliwa mji mdogo wenye mvua nyingi, babake akipiga kinanda kanisani. Akaenda London kusoma, mwalimu wake akasema hajapata kuona kipaji kama hicho. Akaongoza okestra hii, akaongoza ile. Akaja Sydney kwa mwaka mmoja tu, akakaa arobaini na kitu. Na kila alikotoka, kosa lilikuwa la watu wa huko. Wapiga fidla walikuwa wavivu, wasikilizaji viziwi, waandishi wa magazeti wajinga, na wake zake, wote watatu, eti hawakuwa na masikio. Debe tupu haliachi kuvuma, nilijisemea moyoni, huku nikimsugua mgongo. "Inua mkono, mzee," ndilo nililolitoa kinywani.

Kama siku ya tisa hivi nilikuwa nafuta vumbi kwenye picha zile nikaona chini ya moja limeandikwa jina lake kamili, majina yote matatu, si lile moja nililopewa na ejensi. Kitambaa kikaniponyoka. Jina hilo nililijua. Nililijua kwa mwandiko wa baba yangu, juu ya karatasi, upande wa kulia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mumias, na mwalimu wa kwaya. Aliyewahi kwenda kwenye mashindano ya nyimbo ya shule Kenya anajua mambo yalivyo: kila kwaya inakuja na wimbo wake wa kienyeji, lakini ni lazima pia iimbe wimbo mmoja wa Kizungu uliochaguliwa na wakubwa, ule ule kwa shule zote, ili majaji wapate kulinganisha. Nikiwa darasa la sita, wimbo wa lazima ulikuwa wake huyu mzee. Kurasa mbili tu, habari ya theluji inayoangukia kinu cha kusagia ngano. Sisi na theluji wapi na wapi! Baba hakuwa na piano. Alikuwa na kile chuma chenye vidole viwili ambacho unakigonga kwenye goti ili upate sauti ya kuanzia. Aliandika do, re, mi kwa herufi ubaoni, mistari minne kwa sauti nne, akafundisha kila sauti peke yake chini ya jua la saa kumi, kisha akatuchanganya. Tulipomuuliza theluji ni nini, alisema, "Ni baridi inayoonekana kwa macho. Haya, imbeni." Tukafika hadi Nairobi. Jaji akatukata alama kwa sababu tulitikisa mabega.

Lakini wimbo ule haukuisha na mashindano. Baba aliendelea kuufundisha mwaka hadi mwaka mpaka akastaafu. Wanafunzi wake wengine wakawa walimu, wakaupeleka kwenye shule zao. Mmoja akautilia maneno ya Kiswahili, ukaingia kanisani. Tulipomzika mama, wanakwaya wa zamani wa baba, watu wazima wenye mvi na vitambi, walisimama kando ya kaburi wakauimba kwa sauti nne bila karatasi hata moja, baba akiwaongoza kwa mkono mmoja, wa pili ameushika mkongojo. Siku ile mimi niliulilia wimbo kwanza, mama baadaye, na sioni haya kusema.

Basi nilipotoka kazini mchana nikampigia baba. Kwao kulikuwa kunapambazuka. Anakaa na dada yangu sasa, macho yamekuwa mabovu. Nilipomtajia jina, hakunielewa. Nikalitaja tena.

"Yu hai?" akauliza.

"Yu hai, baba. Leo nimemvalisha soksi."

Nikamsikia akimwambia dada yangu apunguze redio. Kisha akasema, "Mama." Ndivyo anavyoniita, mimi ndimi niliyepewa jina la mamake. "Mama, mtu huyo mwambie. Mwambie tuliimba. Mwambie nimeufundisha wimbo wake hata hesabu imenipotea. Mwambie na habari ya mama yenu pale kaburini."

"Nitamwambia, baba."

"Halafu uniletee jibu lake kama alivyolisema. Usipunguze neno."

Nilijua anachokingoja. Baba alihukumiwa na majaji maisha yake yote, leo wamempa alama, kesho wamemnyima, na sasa amepata njia ya kumfikia mwenye wimbo mwenyewe. Nikaapa kumletea jibu hilo.

Kesho yake asubuhi, nikimkausha mzee miguu, nikaanza kuuimba wimbo ule midomo nimeifumba. Nilitaka autambue mwenyewe, afurahi, kisha nimpe salamu. Aliutambua.

"Upuuzi huo umeutoa wapi?"

"Baba yangu ni mwalimu wa kwaya kule Kenya," nikasema, "na huu wimbo wako..."

Akainua kiganja, bila shaka kile kile alichozoea kunyamazishia tarumbeta. "Takataka hiyo niliiandika kwa wiki moja nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imenishinda. Kitu cha watoto wa shule. Nimechoma kila nakala niliyoipata. Na tafadhali, usinianzie hadithi za kwaya za misheni. Nyinyi mnaimba vizuri, ndiyo, kama ndege wanavyoimba. Ndege hajui anachokifanya."

Eti ndege! Baba yangu, aliyekesha na chaki kwenye vidole akitafuta kwa nini sauti ya tatu inashuka mstari wa nne, ni ndege. Wale wazee pale kaburini, ndege. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawa ya moto. Nikamvalisha soksi ya kushoto, nikamvalisha ya kulia, nikamfunga kamba za viatu, na salamu za baba nikazimeza.

Nikamwambia baba mzee hajisikii vizuri, nitamwambia akipata nafuu. Wiki iliyofuata baba akauliza. "Bado, baba." Na iliyofuata. "Bado." Baba hakulalamika, alisema tu mgonjwa si wa kusumbuliwa.

Kulikuwa na dada mmoja Mrundi aliyefanya zamu za wikendi kwa mzee huyo huyo. Tulikutana kwenye maduka ya Cabramatta siku moja ya kununua majani ya mhogo, nikamweleza yote. Akaweka mfuko wake chini. "Wewe muambie tu, dada," akasema. "Ni muzee, atakufa. Hii maneno itakulipisha nini?"

"Aniombe radhi kwanza."

"Hajue hata ulikuwa na maneno! Ataomba radhi ya nini?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Una roho mubaya kidogo, wewe."

Nikamwambia anunue majani yake twende.

Miezi ya mwisho mzee alikuwa anangoja barua. Alikuwa na simfoni yake kubwa, kurasa mia tatu na ushee, aliyoiandika miaka kumi na moja na ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipiga. Aliipeleka kwa okestra moja ya hapa mjini akitumaini wataipiga atakapotimiza miaka tisini. Kila asubuhi, kabla ya salamu, "Posta?" Nateremka ngazi zote zile, nafungua sanduku, nakuta karatasi za matangazo ya piza. Mtu mzima na akili zake anangoja posta kama msichana anayengoja barua ya mchumba aliyeoa zamani. Sikumhurumia. Nilisema moyoni: na wewe ungoje alama zako, uone ilivyo.

Barua ikaja. Macho yake yalikuwa hafifu, nikamsomea. Mistari minne: wamemshukuru, wameisoma kwa heshima, haitawafaa, wanamtakia siku njema ya kuzaliwa. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akaichukua, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo mno, akaishika mkononi hadi nilipotoka.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena maisha yake bafuni. Nilimsugua mgongo, maji yanamwagika, basi. Wiki mbili zikapita hivyo. Kisha asubuhi moja, nikiwa namhesabia vidonge, aliniita jina langu. Langu mwenyewe, na alilitamka sawasawa. Kumbe alilijua siku zote!

Alikuwa anatazama dirishani. "Unadhani," akasema, "kuna mahali popote duniani, hivi sasa, mtu anayeimba kitu changu? Chochote kile?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ubao wa baba, jua la saa kumi, mabega yaliyotunyima alama, wale wazee wenye mvi, mama. Ningeweza hata kumwimbia. Sauti yangu ya pili ninayo mpaka leo. Nilimtazama shingo, jinsi ilivyokonda ndani ya kola ya pajama, nikakumbuka ndege.

"Sijui," nikasema. "Meza dawa."

Akameza. Mimi nikasikia raha. Sitaki kudanganya hapa: ilikuwa raha tupu, na ikanikaa kifuani njia nzima, basi na treni zote mbili mpaka Minto. Nilisema nitamwambia Jumatatu, nimwache aonje wikendi moja tu.

Alikufa Jumapili, kifua kilimbana. Dada Mrundi ndiye aliyekuwa naye.

Mazishini tulikuwa watu kumi na mmoja, nimejihesabu na mimi. Mke mmoja alikuja, akaondoka kabla ya chai. Bwana mmoja mwenye skafu alisoma wasifu: mji wenye mvua, London, okestra hizi, nishani ya Malkia. Akasema muziki wa marehemu bado haujapata watu wake. Kisha wakabonyeza mashine, ukapigwa muziki wa mtu mwingine kabisa. Mwenye skafu akauliza kama yupo anayependa kusema neno. Alinitazama hata mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Nilikaa siku tatu bila kumpigia baba. Ya nne akapiga mwenyewe, dada yangu, niliyemwandikia ujumbe, alikuwa amemwambia kuna msiba.

"Pole, mama. Pole sana na mgonjwa wako."

"Asante, baba."

"Ulimwambia?"

Nina mdomo mimi, kila anijuaye atakuambia. Nimewajibu mameneja, nimewajibu maafisa wa uhamiaji, nimemjibu hata mchungaji. Siku ile nilisimama jikoni na simu sikioni, binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza kama niko sawa, nami sikupata hata neno moja la kweli ambalo ningeweza kumpa baba.

"Nilimwambia, baba."

"Alisemaje? Kama alivyosema."

"Alisema... alisema hajapata habari njema kuliko hiyo maisha yake yote. Alisema anamshukuru mwalimu."

Halafu nikamsikia akiita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipostaafu, anamwita dada yangu, anawaita wajukuu, anawaita na majirani waliokuwa uani. Nikasikia viti vinavutwa. Mtu akaweka simu kwenye spika.

"Rudia, mama," baba akasema. "Rudia wote wasikie."

Nikarudia, na safari hii nikaongeza kwamba mzee alilia.