Nimeitikia Salamu, Nimekosa Chumba

Jumatano, Korogwe. Manyunyu tangu asubuhi, na leo nimenyimwa chumba kwa sababu nimeitikia salamu.

Mwenye nyumba alikuwa ameshanikubali. Amenionyesha choo, mita ya umeme, mpaka kamba ya kuanikia nguo.

"Mwanangu, jisikie nyumbani." Ufunguo anao mkononi.

Akapita mlinzi wake, mzee wa Kimasai. Akaniangalia, akasema, "Takwenya."

Nikaitikia, "Iko." Kwetu Handeni binti wa Kimasai akisalimiwa na mzee huitikia hivyo.

Mwenye nyumba akageuka. "Kumbe wewe Mmasai?"

"Ndiyo, baba."

"Aa! Nilisahau, hiki chumba kuna mtu ameshakiwahi."

Ufunguo ukaingia mfukoni.

Nikamwambia, "Lakini baba, usiku nyumba yako inalindwa na Mmasai."

"Huyo analala nje."

Jamani, amelisema hilo huku mzee wa watu, yule mlinzi, amesimama palepale!

Nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Dada, Katiba inakataza ubaguzi. Ila nyumba ni yake, nitamlazimishaje?"

Sasa haki hiyo mpangaji anakwenda kuidai wapi? Anayejua sheria aniandikie hapa chini, maana kazi naanza Jumatatu na kutoka Handeni kila siku siwezi.

Na tafadhali, asiniambie mtu kwamba ningekausha tu. Mzee ananisalimia, nimnyamazie ili nipate chumba?