Siku Kisogo Changu Kiliponisaliti

Mkicheka mcheke polepole, kwa sababu mpaka leo ninaona haya kukanyaga Githurai 45, na si kwamba kuna mtu aliyenikosea kule, nilijitafutia mwenyewe.

Pale Kiuu ninakoishi kuna msusi anaitwa Wambui, na kichwa changu kimekuwa mikononi mwake tangu nikiwa msichana (hata asubuhi ya kumzika mama yangu alikuja nyumbani bila kuitwa, akanisuka kimya kimya nisisimame mbele ya watu nikiwa matimutimu). Haniiti jina langu. Ananiita Kamusi, maana mama yangu alitoka Voi na mimi hujifanya ninajua Kiswahili kuwashinda wote, nikisikia neno limetumiwa vibaya ulimi unaniwasha. Basi dada yangu alikuwa na ruracio Jumamosi kule Ngoingwa, wakwe wanakuja na mahari, na Wambui alikuwa amekataa wateja wengine ili aniwekee Ijumaa nzima. Lakini mwenzangu kazini alikuwa amesukwa rasta nyembamba huko Githurai, zikamkaa vizuri, nami tamaa ikanishika. Ningeweza kumwambia Wambui ukweli, si angenuna tu kidogo? Badala yake nikamtumia ujumbe wa sauti, na katikati nikakohoa: "Wambo wangu, homa imenilaza, siwezi hata kutoka kitandani."

"Woi, pole Kamusi," akajibu. "Lala, usisumbuke."

Nikaoga, nikaenda zangu Githurai.

Msusi wa huko, Terry, ana mkono mzuri lakini wa polepole. Saa za chakula cha mchana alikuwa amemaliza upande wa kushoto tu, na upande wa kulia nywele zimesimama kama nimepigwa na stima. Kando yangu aliketi mama mmoja mwenye rola kichwani, analalamika kwamba yeye alimwambia rafiki yake siri ya nyumba nzuri ya kupanga, kumbe rafiki akakimbia akaichukua yeye.

"Alikuchoma huyo," Terry akasema.

Mimi ningenyamaza? Thubutu.

"Hapana," nikasema, "kuchoma ni kupeleka siri ya mtu kwa wakubwa, kama mtoto anayeripoti wenzake kwa mwalimu. Huyo hakukuchoma."

"Basi ni kigeugeu," mama wa rola akasema.

"Kigeugeu leo anataka hiki, kesho kile, hata yeye hajijui. Ndumilakuwili naye anakula huku na kule, kwako anakusifu na kwa adui yako anakusengenya. Huyo wako ni msaliti." Nikajinyoosha kwenye kiti (jamani, nilikuwa ninajisikia!). "Na msaliti lazima awe mtu wako. Adui hawezi kukusaliti hata akitaka. Msaliti anakuumiza na bado anakuita wangu."

"Haiya!" wakasema wote, na mama wa rola akanipigia makofi.

Sasa, wasusi wana desturi yao: kichwa kikichelewa, wanaitana. Terry akasema kichwa changu kinataka mikono minne, akapiga simu. "Una bahati," akaniambia. "Kuna rafiki yangu wa Kiuu, Wambui, hana kazi leo, mteja wake amekuwa mgonjwa."

Nikataka kukimbia, lakini nikimbilie wapi na nusu kichwa? Nikaomba taulo, nikajifunika uso, nikainama nikijifanya nimelala, nikimwomba Mungu huyo anayekuja awe Wambui mwingine, maana Kiuu haina upungufu wa akina Wambui.

Nikasikia sauti yake mlangoni, anasalimia, anauliza kichwa ni kipi. Akaweka mfuko wake miguuni pangu. Chini ya taulo nikaona ndani yake ndimu, tangawizi na chupa ya chai. "Nisisahau," alikuwa akimwambia Terry, "nikitoka hapa nimpelekee mgonjwa wangu."

Akashika kitana, akagawa nywele za nyuma. Huko kisogoni nina kovu la uji wa moto, la utotoni, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye hulizunguka kwa uangalifu lisiniume. Mikono ikasimama.

Saluni haikujua lolote. Mama wa rola akasema kwa furaha, "Uliza huyo dada akufunze wasaliti, anawajua wote!"

Nikatoa taulo, tukaangaliana kwenye kioo. Nikangoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote mwenyewe, achague tu: mnafiki, msaliti, hata Yuda ningeitika. Wambui akachukua rasta, akaingiza mkono, na taratibu, bila kuligusa lile kovu, akasema:

"Mteja, inamisha kichwa."

Mteja! Nililia pale pale, na Terry akadhani amenikaza sana.

Ruracio nilienda na kichwa cha nchi mbili, kushoto nyembamba za Terry, kulia nene za Wambui, na shangazi zangu walicheka kuliko walivyokula. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipoenda kwa Wambui kuomba msamaha alinijibu vizuri sana, "Karibu mteja," "Keti mteja," na nikatoka kila mara nimenywea.

Mpaka siku moja nikaenda nikiwa na mafua ya kweli, pua imeziba, macho mekundu. Nikapiga chafya mlangoni. Wambui akanitazama juu hadi chini.

"Hii ni homa," akauliza, "ama ni ya Githurai?"

"Ni homa, Wambo. Naapa."

Akasogeza kiti kwa mguu. "Keti basi, Kamusi, kabla hujaambukiza wateja."

Tangu siku hiyo sijawarekebisha tena watu Kiswahili saluni. Na kichwa changu kina mwenyewe, hata akinisuka vibaya.